UZI: Bogenvilia haina ua jekundu. Tuzungumze jani na ua

Kitalu Mokowe (mwenye uzi)

Asalamu alaykum ndugu zangu wa pwani, na wengine wote mnaosoma.

Nina kitalu cha miche hapa Mokowe, ng'ambo ya kisiwa cha Lamu. Wateja wangu wengi huvuka kwa mashua kutafuta kitu cha kupamba ukuta, na wengi wao hutaka bogenvilia. Mwezi uliopita mama mmoja wa Mkomani alinirudishia mche akasema, "Mwanangu, uliniambia huu unatoa maua mekundu, nao umejaa majani matupu." Nikavuka naye kwenda kuuangalia pale alipokuwa ameuweka. Ulikaa kwenye kiwanda cha nyumba, ule ua wa ndani, kuta ndefu pande zote, jua linaingia saa moja tu mchana, na anaumwagilia kila siku kwa mapenzi yake yote. Bogenvilia haitaki hivyo. Inataka jua kali na udongo unaokauka kati ya maji na maji. Tukaupandisha darini, juu penye jua. Sasa umewaka.

Lakini nilipokuwa namweleza nikajikuta nasema maneno ambayo hakuyaamini: kile chekundu, mama, nacho ni jani.

Nendeni mkatazame wenyewe. Chukueni kishada kimoja, mkitenganishe. Mtapata vipande vitatu vya rangi, vyepesi kama karatasi. Inua kimoja ukielekeze juani. Kina mshipa wa kati na mishipa midogo inayotawanyika kulia na kushoto, sawasawa na jani la kijani lililo chini yake kwenye tawi hilo hilo. Ua lenyewe ni kile kimrija chembamba kilichoshikamana na kila kipande, chenye mdomo mweupe. Vimrija vitatu, majani matatu. Jani limeacha upishi wa chakula cha mti likapewa kazi ya kuita wageni, kwa sababu kimrija ni kidogo mno, kipepeo anayepita juu ya ukuta hatakiona.

Mti huu si wa kwetu kwa asili, umetoka Amerika ya Kusini. Lakini umetufungulia mlango wa jambo ambalo nataka tulizungumze humu kwa kirefu: jani na ua ni ndugu wa tumbo moja. Mjerumani Goethe, ambaye watu wengi wanamjua kwa mashairi, aliandika mwaka 1790 kwamba sehemu zote za ua ni jani lililobadilishwa. Ikapita miaka mia mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa jeni wakaonyesha kwamba kuna makundi matatu ya jeni yanayoamua kipi kiwe petali, kipi kitoe chavua, kipi kibebe mbegu. Ukizima makundi yote matatu, pale lilipokuwa lichanue ua linatoka shada la majani ya kijani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ua linafanya nini, tuulize jani linafanya nini. Nitaendelea hapa chini, nafasi imebanwa.

Kitalu Mokowe (mwenye uzi)

Naendelea.

Jani linapika sukari. Viungo vyake ni maji yanayopanda kutoka mizizini, na ile hewa tunayoitoa puani, hewa ya kaboni dioksidi. Moto wake ni jua. Kinachokamata jua ni klorofili, inayomeza mwanga mwekundu na wa buluu, na wa kijani inauacha mwingi urudi. Ndiyo maana tunaona kijani. Mwaka 1779 daktari mmoja Mholanzi, Jan Ingenhousz, alizamisha majani ndani ya maji akaona vipovu vikitoka yakiwa juani, na vikikoma yakiwa gizani. Vile vipovu ndivyo oksijeni tunayovuta.

Hapo pana shida moja, na kila mkulima wa pwani anaishi nayo hata kama hajawahi kuipa jina. Hewa haiingii kwenye jani ila kupitia vijitundu vidogo mno, ambavyo kwenye miti mingi viko upande wa chini. Na tundu linaloingiza hewa ndilo hilo hilo linalotoa maji. Jani likifungua mlango ili lipate kula, linakauka. Likifunga lisikauke, linakaa na njaa. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayonyonywa na mizizi hupotelea hewani kwa njia hiyo. Yanayobaki kuwa sehemu ya mti ni machache sana.

Kila tundu lina walinzi wawili, seli mbili zilizopinda kama midomo. Zikinyonya chumvi ya potasiamu, maji huzifuata, zinavimba, mdomo unafunguka. Mti ukihisi ukame zinaachia potasiamu, maji yanatoka, mdomo unafumba. Lakini jua likikaza maji hutoka haraka kuliko yanavyopanda, ndiyo maana mche ukiutazama saa saba mchana wakati wa kaskazi kavu unaona majani yamelegea hata kama udongo una unyevu, na magharibi yamesimama tena. Msikimbilie ndoo. Tieni kidole udongoni kwanza.

Nanasi limepata njia nyingine. Lenyewe hufungua matundu usiku, wakati hakuna jua la kulikausha, likaiweka ile hewa kama tindikali ndani ya jani, halafu mchana linafunga mlango na kupika kwa akiba. Mkonge hufanya vivyo hivyo.

Boriti

Shukrani sana ndugu. Mimi nilikata mikoko miaka mingi, fito, pau, mazio, boriti, tukihesabu kwa korija. Sasa nimeacha, nasaidia kikundi cha kuotesha. Nina swali. Wewe unasema maji yanapanda mpaka jani. Mikoko yetu inakunywa maji ya bahari. Mbona haifi? Na mchu, aina nyingine ya mikoko, mbona jani lake ukililamba ni chumvi tupu, lakini mkoko sivyo?

Kitalu Mokowe (mwenye uzi)

Mzee wangu, umeuliza swali ambalo wewe mwenyewe una nusu ya jibu mdomoni.

Kila mti una njia yake. Mkoko huzuia chumvi mlangoni: mizizi yake inachuja, maji yanayopita ni karibu matamu. Mchu nao huzuia sehemu kubwa mizizini, lakini inayoponyoka inapanda mpaka jani, na jani la mchu lina tezi ndogo ndogo zinazoisukuma nje. Jua likipiga, maji yanaondoka, chumvi inabaki imeganda juu ya jani. Asubuhi ya kiangazi unaiona inang'aa. Mvua ikinyesha au umande ukiwa mwingi, inasafishwa.

Kazi hiyo inagharimu nguvu. Sukari ambayo ingekuwa shina inatumika kutoa chumvi. Kwa hiyo mnapochagua pa kuotesha, angalieni maji matamu yanaingia wapi. Mche wa mikoko hauhitaji chumvi kali ili uishi. Unaivumilia tu, ambapo miti mingine haiwezi.

Na maua yake, mzee, umewahi kuyatazama? Mlilana, nao ni aina ya mikoko, hufungua ua lake usiku, nyuzi nyeupe nyingi kama brashi, na popo na nondo ndio wageni. Muia, mwingine wa mikoko, umefunga chavua yake ndani ya petali zilizobana. Ndege akitia mdomo kutafuta asali, petali inafyatuka na kumrushia chavua usoni.

Boriti

Hilo la muia nimeliona kwa macho yangu! Nilikuwa kijana, nimekaa kwenye mtumbwi nasubiri maji yajae, nikalichokoa ua kwa kijiti, likapasuka na kutoa vumbi. Nilidhani ni mdudu ndani. Miaka yote hii sikuwa na wa kumuuliza.

Asumini Langoni

Jamani uzi huu umenipendeza. Mimi nauza asumini na vikuba jioni. Bibi yangu alinifunza kwamba asumini huchumwa alasiri, ikiwa bado imefumba, na haisubiriwi ifunguke mtini. Ukiichuma imefumba, ikifika usiku inafunguka yenyewe ndani ya kikuba na harufu inajaa chumba. Ukiichuma asubuhi imeshafunguka, umechuma takataka. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Nataka kujua, ua limekatwa, halina mti tena, linajuaje kwamba usiku umeingia?

Kitalu Mokowe (mwenye uzi)

Dada, swali hili limenikosesha usingizi.

Ua lina saa yake lenyewe, ndani ya seli zake. Haitoki mtini. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, de Mairan, aliuchukua mmea ambao majani yake hufunguka mchana na kufumba usiku, akaufungia gizani. Majani yakaendelea kufunguka na kufumba kwa wakati wake bila kuona jua. Ndivyo ilivyo kwa tumba lako la asumini. Lilipochumwa alasiri lilikuwa tayari limeshapewa maji na sukari ya kulitosha usiku mmoja. Saa yake inapofika, seli za petali zinavimba kwa maji, petali zinasukumana, ua linafunguka. Na mafuta ya harufu hutengenezwa saa hizo hizo, hayakai yamehifadhiwa kama manukato kwenye chupa. Ndiyo maana tumba alasiri halinukii sana, na ua la jana limeisha harufu.

Kwa nini usiku? Kwa sababu mgeni wake wa asili ni nondo. Nondo huruka gizani, kwa hiyo ua lake halina haja ya rangi. Linahitaji weupe unaoonekana kwa nuru kidogo, harufu inayosafiri mbali, na mrija mrefu unaolingana na ulimi wake. Tazama maua yanayonukia usiku katika miji yetu, mengi ni meupe. Ua la mchana, la nyuki au la ndege, ndilo linalovaa rangi.

Asumini yetu ya vikuba, hasa ile yenye petali nyingi, karibu haizai mbegu. Tunaiotesha kwa vipande vya matawi. Kila usiku inamwita nondo, na imebaki mitaani kwetu kwa mkono wa bibi yako na wako.

Asumini Langoni

Allah akupe umri. Nitamsomea mamangu haya.

Shamba Ganda

Habari zenu ndugu wa Lamu. Mimi niko Ganda, Malindi. Nina mambo mawili.

La kwanza ni mchango. Babangu mkubwa alikuwa mgema. Yeye alikuwa akisema mnazi hauna mwezi wa kupumzika, kila kuti linalotoka lina karara lake, ala ya maua, kwapani. Na mgema hangoji karara lipasuke. Hulifunga likiwa limefumba, akalikata ncha, akatundika kibuyu, halafu asubuhi anapanda kulikata tena kidogo, jioni tena. Asipokata, tembo linakoma. Nilidhani ni desturi tu. Kulingana na somo lako, ile tembo inatoka wapi?

La pili ni shida. Nina mipapai tisa, ina mwaka, inatoa maua kila siku, haijashika hata tunda moja. Jirani ananiambia niipigie msumari.

Kitalu Mokowe (mwenye uzi)

Babako mkubwa amesema kwa maneno machache kile ambacho mimi nimejaza kurasa.

Ile tembo ni chakula kilichopikwa na makuti. Jani likishapika sukari, halikai nayo. Sukari inashushwa kwa mirija membamba ya ndani ya mti mpaka pale inapohitajika: mzizi, ncha inayokua, na zaidi ya vyote, ua na tunda. Karara ni shimo lisilojaa. Ndani yake mna maua dume kwa maelfu, na maua jike machache ya duara karibu na shina la kila kitawi. Hayo jike ndiyo yatakayokuwa vidaka, vitale, madafu, makoroma, na mwisho nazi. Mti umeshatuma sukari ya kuwalisha wote. Mgema anasimama njiani na kuipokea. Utomvu huo mbichi una gramu 12 hadi 18 hivi za sukari kwa kila gramu 100, kabla hamira ya hewani haijaugeuza kuwa tembo kali.

Na kwa nini akate kila siku? Mti ukijeruhiwa huziba mirija yake, kama sisi damu inavyoganda. Mgema anaikata ile sehemu iliyoziba, mirija inafunguka upya. Ndiyo maana pia karara lililogemwa halitoi nazi. Huwezi kupata vyote viwili katika karara moja.

Sasa mipapai. Naomba uniangalizie kitu kimoja asubuhi. Je, maua yako yametokea moja moja, makubwa, yamekaa karibu na shina kwenye kwapa la jani? Au yananing'inia kwenye nyuzi ndefu, mengi, madogo, membamba?

Boriti

Nami niongeze kuhusu maua kuanguka. Nyumbani kwangu Matondoni nina mwembe mmoja. Mwaka jana ulichanua mpaka majani hayaonekani, ukamwaga yote chini. Watu wakasema ni jicho.

Kitalu Mokowe (mwenye uzi)

Si jicho, mzee. Shada moja la mwembe lina maua mamia, pengine maelfu, na mengi ni dume, hayakuumbwa yazae. Hata kati ya yanayoweza kuzaa, chini ya moja kwa mia ndiyo hufika kuwa embe la kuchuma. Lakini ukiona yameanguka yote, angalia kama mashada yalikuwa na unga mweupe kama majivu. Huo ni ukungu, hupenda kipindi cha ubaridi na umande, ndicho kile kile cha kipupwe ambacho mwembe unakitumia kujua kwamba ni wakati wa kuchanua. Dawa ya salfa hupuliziwa mapema mashada yanapotokeza. Ukishaona majivu kila mahali, umechelewa.

Na usiwafukuze nzi wanaotua kwenye maua ya mwembe. Wao ni miongoni mwa wanaouchavusha.

Asumini Langoni

Kwani majani machanga ya mwembe mbona ni mekundu? Nayo yameacha upishi kama ya bogenvilia?

Kitalu Mokowe (mwenye uzi)

La, hayo hayajaanza. Jani changa ni laini, klorofili yake bado, na jua letu lingeliunguza. Ile rangi nyekundu ni mwavuli. Jani likikomaa na kukaza, mwavuli unakunjwa, kijani kinachukua nafasi.

Maadamu tumefika kwenye rangi, niseme hili kwa wenye mashamba juu ya mwamba wa matumbawe, maana naulizwa kila wiki. Jani likigeuka manjano, usiulize tu ni manjano kiasi gani. Uliza ni jani lipi. Yakianza yale ya chini, ya zamani, mti una upungufu wa naitrojeni au magnesiamu: unavihamisha kutoka kwa wazee kwenda kwa watoto. Yakianza yale ya juu, machanga, huku mishipa ikibaki kijani, ni chuma. Chuma kimo kwenye udongo wetu, lakini chokaa ya matumbawe inakifunga, mzizi haukipati, na mti hauwezi kukihamisha kutoka majani ya zamani. Kumwaga mbolea ya naitrojeni hapo ni kupoteza pesa. Mboji nyingi husaidia zaidi. Nimeona ndimu nyingi za Lamu zikiuawa kwa mbolea isiyo yake.

Shamba Ganda

Nimerudi. Nimeikagua yote tisa alfajiri. Nyuzi ndefu, maua madogo, yananing'inia kama hereni. Yote tisa.

Kitalu Mokowe (mwenye uzi)

Pole sana ndugu yangu. Yote ni madume.

Msumari hauna kazi hapo. Mpapai huzaliwa dume, jike, au wenye vyote viwili katika ua moja, na hilo limeandikwa ndani ya mbegu. Wapo madume wanaozaa kitunda kimoja viwili hali ya hewa ikibadilika, na watu waliopiga msumari wiki hiyo wakaamini ni msumari. Mche ukiwa mdogo huwezi kuujua. Ndiyo maana wakulima huweka miche mitatu katika shimo moja, wakangoja ua la kwanza, kisha wakang'oa wasiyoihitaji. Bakiza mmoja tu katika hiyo tisa. Mmoja unatosha mipapai kumi au zaidi kidogo. Iliyobaki kata, ufukie majani yake papo hapo. Safari hii tafuta mbegu kutoka kwenye tunda refu, si la duara, maana hilo refu hutoka kwenye mti wenye ua la vyote viwili.

Shamba Ganda

Nimekuelewa, na roho imeniuma, lakini nitakata. Swali la mwisho. Kwenye tikiti maji tulifundishwa tupulizie dawa jioni, kwa sababu ua la tikiti hufunguka asubuhi na nyuki wako kazini. Mpapai nao nipulizie jioni?

Kitalu Mokowe (mwenye uzi)

Hapana! Nashukuru umeuliza. Mpapai huchavushwa na nondo wakubwa, wale wanaoelea mbele ya ua kama ndege chozi, na hao hutoka jua linapozama. Jioni ndiyo saa yao. Kwenye mpapai, ikiwa lazima, pulizia asubuhi mapema kabla joto halijakaza, na usipulizie upande ule ule wenye tikiti.

Na kuna jambo jingine. Utafiti uliofanywa kwenye mashamba ya mipapai hapa Kenya, ukachapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba nondo hao hupungua kadiri shamba linavyokuwa mbali na pori. Nondo mzima anakunywa asali ya ua, lakini kiwavi wake anakula majani, na majani anayoyataka hayamo shambani mwako. Yamo kwenye kichaka. Hapo Ganda umebakiwa na kichaka chochote karibu?

Shamba Ganda

Kipo kimoja upande wa bondeni, kama robo ekari. Nilikuwa nimepanga kukifyeka kabla ya masika ili nipande mahindi.

Kitalu Mokowe (mwenye uzi)

Panda mahindi pale ulipokuwa na mipapai minane. Kichaka kiache, na mipapai mipya uipange iwe karibu nacho.

Shamba Ganda

Sawa ndugu. Kesho naanza na panga kwenye mipapai.